Makumbusho ya Mji Mkongwe: chagua mawili yanayojibizana

Mgeni anayeshuka bandarini Malindi akiwa na siku moja au mbili za kutembea Unguja hupewa orodha ileile na kila anayemuuliza: Beit al-Ajaib, Kasri, Ngome Kongwe, soko la watumwa, nyumba ya Freddie Mercury. Orodha si mbaya. Ila haimwambii aanze na lipi wala aache lipi, na jioni anarudi kwenye boti na picha tele kwenye simu na hadithi tano kichwani zisizojuana.

Nimeandika haya kwa mtu anayetaka kuchagua. Anaweza kuwa Mtanzania wa Bara aliyekuja kwa mapumziko ya wikiendi, au Mkenya aliyekuja kutembelea jamaa. Zaidi nimemkusudia Mzanzibari mwenyewe, yule ambaye amepita mbele ya majengo haya tangu anakwenda skuli na hajawahi kuingia hata moja.

Ninavyoamini ni hivi. Makumbusho ya hapa karibu yote yamo ndani ya nyumba iliyokuwa na mwenyewe. Kasri ni la sultani, Ngome ni ya askari, Mkunazini ni soko lililogeuzwa kanisa. Na kila nyumba husimulia zaidi upande wa mwenye nyumba. Kwa hiyo usitafute moja kubwa ukadhani umemaliza, wala usiyakimbilie yote. Chagua mawili yanayojibizana, kama malenga wawili: mmoja anatoa beti zake, mwenzake anazipokea na kuzigeuza.

Hatua ya kwanza: ulizia lililo wazi

Kwetu hapa hili huja kabla ya yote. Majengo ya Mji Mkongwe ni ya mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na boriti za mikoko. Maji ya mvua yakipata ufa juu ya dari, boriti huoza ndani kwa ndani na nyumba hudhoofika huku nje ikionekana nzima. Ndiyo maana milango hufungwa kwa ukarabati mwezi hata mwaka.

Beit al-Ajaib ndiyo mfano mchungu. Sultani Seyyid Barghash aliijenga mwaka 1883, ikawa nyumba ya kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, na baadaye ikawa makumbusho yetu makubwa ya historia na utamaduni. Humo ndimo ulimowekwa mtepe, chombo cha zamani kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka na watu wawili wakafariki. Ukisikia imefunguliwa, nenda, na uipe muda. Lakini usiipange safari yako juu yake peke yake. Kasri liko jirani yake kabisa, kwa hiyo nalo liulizie kabla hujatoka nyumbani.

Usitegemee mtandao. Ukurasa unaweza kusema wazi na mlangoni pana kufuli. Kama una jamaa mjini, mwombe apite alasiri moja akaulize mlinzi: wanafungua saa ngapi, vyumba vya juu vinaingilika, na bei ya mwenyeji ni ipi.

Hatua ya pili: jiulize unataka kujua nini

Swali moja tu, na liwe la kwako. Si "historia ya Zanzibar", hilo ni bahari. Jiulize jambo kama hili: karafuu zilipandwa na mikono ya nani? Masultani waliishi vipi ndani ya nyumba zao? Mwanamke wa zama zile alikuwa na nafasi gani ya kuamua mambo yake? Mji huu ulikuwaje kabla ya 1964, na Mapinduzi yaliubadili vipi?

Ukisafiri na watoto, waache nao waulize. Mtoto anayeingia akitafuta kitu huchoka baadaye kuliko mtoto aliyeburutwa mkono.

Hatua ya tatu: oanisha

Hapa ndipo kazi ilipo.

*Kasri na Mkunazini.* Kama una nafasi ya jozi moja tu, chagua hii. Kasri la ufukweni, Beit al-Sahel, lilijengwa upya baada ya Waingereza kuishambulia pwani ya Forodhani kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896. Vita vile havikumaliza hata saa nzima, lakini nyumba za kifalme zilivunjwa vunjwa. Masultani walikaa katika kasri hili hadi Mapinduzi ya 12 Januari 1964, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho.

Wengi huingia na kutazama picha kubwa za masultani ukutani, wakatoka. Mimi ningekushauri utafute vyumba vya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, na usimame mbele ya kabati lake la nguo. Ni kabati la formica, lile lililokuwa la kisasa katika miaka ya hamsini, na rafu zake zina vibao vidogo vya kuonyesha nguo gani inakaa wapi. Mtu aliyetawala karibu nusu karne alikuwa na kabati la mtindo uleule ambao bibi zetu wengi waliutamani. Kitu kile kinamshusha sultani kutoka kwenye picha na kumfanya mtu anayetafuta soksi asubuhi.

Halafu ujiulize: nani aliyekunja zile nguo? Nani aliyepika, aliyefua, aliyechuma karafuu zilizolipia marumaru? Kasri halikwambii sana. Toka, kata vichochoro mpaka Mkunazini.

Pale palikuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwezi wa Juni 1873, Barghash akiwa amebanwa na Waingereza. Mwaka uleule wamisheni wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa kuu juu ya uwanja ule. Husimuliwa kwamba altare iko palipokuwa mti wa kuchapia viboko. Nyuma yake amezikwa Askofu Edward Steere, msimamizi wa ujenzi, ambaye pia alikuwa miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kuandika sarufi ya Kiswahili. Watembezaji watakuonyesha pia nguzo chache zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Wanasema mafundi walikosea askofu alipokuwa safarini.

Nje, ndani ya shimo, kuna mnara uliochongwa na Clara Sörnäs wa Sweden mwaka 1998. Watu watano wa mawe wamesimama ardhini, mnyororo shingoni. Usiwatazame kutoka ukingoni tu ukapiga picha na kuondoka. Inama uone nyuso moja moja. Hakuna wawili wanaotazama hali yao kwa namna moja. Kisha ingia kwenye maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa yaliyo katika jengo la jirani, usome vibao bila haraka. Kuna pia vyumba viwili vya chini ya ardhi ambavyo huonyeshwa kama mahabusu ya watumwa. Wapo wanahistoria wanaosema vilichimbwa baadaye, wakati wa ujenzi wa hospitali ya misheni. Ubishi huo haufuti uchungu wa mahali, ila mgeni ana haki ya kujua kwamba upo.

Jambo moja la kubeba kutoka pale: soko lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na masuria waliachwa nje ya sheria ile mpaka 1909. Wengi wetu tulifundishwa mwaka mmoja tu. Ukiwa umetoka Kasri asubuhi ileile, tarehe hizi zinakaa mahali pake: mavazi, vyombo na vitanda ulivyoviona vina watu nyuma yake.

*Salme, Hurumzi na Mtoni.* Kama swali lako ni la wanawake, anza na makumbusho madogo ya Bibi Salme huko Hurumzi. Ni madogo kweli, na huo ndio uzuri wake. Salme bint Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844, mtoto wa Sultani Seyyid Said na suria wake wa Kicherkesi, Jilfidan. Wasichana wa kifalme walifundishwa kusoma Qur'ani, kuandika hawakufundishwa. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa skuli zama zile. Mwaka 1866 alitoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa, akahamia Ujerumani, na huko ndiko alikofariki mwaka 1924. Kumbukumbu za maisha yake zilichapwa huko mwaka 1886.

Kasri nalo lina chumba chake, kwa hiyo unaweza kuona dada wa masultani akisimuliwa katika nyumba ya kaka zake, kisha ukamsikia kwake Hurumzi. Ukiwa na nguvu, panda daladala uende Mtoni, kaskazini mwa mji, ukaone magofu ya kasri alimozaliwa. Ukutani hakuna pambo lililobaki, lakini bahari anayoieleza iko palepale.

*Shangani: Freddie Mercury na studio ya picha.* Sisemi usiende kwa Freddie kwa sababu ni pa watalii. Mwimbaji huyo wa bendi ya Queen, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi, baba yake akiwa karani wa fedha mahakamani, na familia ikaondoka 1964. Makumbusho yake yalifunguliwa 2019 na yana picha nzuri za utoto wake. Kijana anayependa muziki atafurahi. Upungufu wake ni kwamba mji wenyewe hauonekani sana.

Jibu lake liko barabara ileile ya Kenyatta. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni duka na si makumbusho, lakini hakuna mahali pengine mjini ambapo nimeona Zanzibar ya zamani kwa wingi ule: harusi, gwaride, jahazi zikisubiri upepo wa kusi, wachukuzi bandarini, masultani na wapita njia. Picha ni za nyeusi na nyeupe, zimejaa ukuta hadi dari. Nunua moja. Unalipia kazi ya mikono, na kumbukumbu ya mji inapata wa kuilinda.

*Mji Mkongwe na Ng'ambo.* Hii jozi wageni hawaambiwi, na inanisikitisha. Makumbusho yote niliyoyataja yako upande wa magorofa ya mawe. Ng'ambo ya barabara ya Darajani, palipokuwa mkono wa bahari kabla haujafukiwa, ndiko walikoishi wengi: mafundi, wachukuzi, wauza samaki, waimbaji. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba na kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za taarab kwa Kiswahili, alikuwa mtu wa Ng'ambo. Baada ya siku ya masultani, vuka barabara. Nenda Kisiwandui kwenye kaburi la Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa pale tarehe 7 Aprili 1972. Endelea hadi Michenzani, utazame yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Hakuna tiketi, na utakayoyasikia barazani, ukikaa kwa adabu, hayamo kwenye kibao chochote.

Anayetaka sanaa

Sanaa ya uchoraji bado haijapata jumba lake kubwa la taifa hapa. Mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda Tuzo ya Turner nchini Uingereza mwaka 2017, anaonyeshwa huko kuliko kwao. Natamani siku moja chumba kizima kiwe chake katika mji huu.

Kwa sasa, nenda Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Ndani kuna maduka ya wachoraji na uwanja wa maonyesho. Picha nyingi za madukani ni za tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Said Tingatinga kwa rangi za baiskeli. Ukitaka kuitambua kazi ya mtu na kuitenga na ya kunakili, uliza mchoraji mwenyewe yuko wapi. Akiwapo, mwombe akuonyeshe picha aliyoianza leo. Akikuambia "zote nimechora mimi" na kuta tatu zina mitindo mitatu, unajua.

Makumbusho ya sanaa yaliyo bora zaidi mjini hayana paa: milango. Simama mbele ya mmoja kwa dakika kumi. Ulio na kichwa cha mraba hufuata mtindo wa zamani zaidi wa Waarabu. Ulio na tao juu na misumari mikubwa ya shaba una mkono wa mafundi wa Kihindi. Anza chini kwenye miimo: mara nyingi utakuta mawimbi au samaki, kisha majani na mnyororo vinapanda hadi kizingiti cha juu, ambako huenda ukasoma aya ya Qur'ani au mwaka wa Hijria. Angalia mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ndipo fundi alipotia ufundi wake wote. Fanya hivyo Hurumzi, Baghani na Shangani, na usiguse rangi ya mtu.

Hatua ya nne: panga siku

Mawili kwa siku yanatosha. La kwanza anza saa tatu asubuhi kabla ya jua kali na kabla ya makundi ya mahoteli. Mchana pumzika, kula, sali. La pili fanya saa tisa. Ijumaa usipange kitu kati ya saa sita na saa nane. Mji mzima uko msikitini. Mwezi wa Ramadhani saa za kufungua hupungua, kwa hiyo fanya yote asubuhi.

Chukua kitambulisho. Bei ya mwenyeji ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni wa nje, na mkata tiketi ana haki ya kukuomba uthibitisho hata kama Kiswahili chako ni cha Makunduchi. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti: utaingia kanisani, utapita mbele ya misikiti, na utaketi barazani kwa watu.

Kuhusu mtembezaji, chukua mwenye kitambulisho cha kazi na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Papasi, vijana wanaowinda wageni, watakufuata kutoka bandarini. Wajibu kwa upole, "ahsante, nina mwenyeji", na uendelee na safari. Mtembezaji mzuri utamjua kwa swali moja: muulize jambo ambalo watu wanabishana, kama vile vyumba vya chini vya Mkunazini. Akikueleza pande mbili, mchukue. Akiwa na jibu moja la kutisha, tafuta mwingine.

Hatua ya tano: ukiwa ndani

Pita vyumba vyote kwa haraka mara moja, bila kusoma. Rudi kwenye kitu kimoja kilichokushika. Soma kibao chake, kisha kitazame tena bila kibao. Waamkie walinzi, wengi ni watu wazima waliokaa miaka mingi na vitu vile. "Shikamoo mzee, hiki kilitoka wapi?" imenifungulia hadithi nyingi kuliko kitabu cha wageni. Picha piga ukishauliza.

Ukiwa na siku za ziada: Pemba

Wanaofika Chake Chake kwa ajili ya makumbusho ni wachache, na wanaofika hawajuti. Makumbusho ya Pemba yamo ndani ya mabaki ya ngome kongwe ya mji. Sehemu nyingine ya ngome ilibomolewa zamani kupisha hospitali. Vyumba ni vichache, na vinakupa Pemba yenyewe badala ya Pemba kama kiambatisho cha Unguja. Anza hapo, kisha chagua gofu moja la kujibizana nayo.

Ningechagua Pujini, kusini mashariki mwa Chake Chake, ngome ya mtawala Mkame Ndume wa karne ya 15. Husimuliwa kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi wakijisogeza kwa makalio. Ras Mkumbuu, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, ni pazuri zaidi kwa macho lakini ni mbali na inachukua sehemu kubwa ya siku. Kwa vyovyote mtafute mwenyeji wa kijiji cha karibu akuongoze na mlipe haki yake, beba maji, na uanze safari mapema ili urudi Chake kabla ya magharibi.